Winchi ya nanga inashusha lakini haipandishi: kabla hujaagiza mota mpya

Swali: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni nahodha wa katamarani (boti ya maganda mawili) ya futi 42, tunachukua wageni kati ya Unguja na Pemba. Winchi ya nanga ni ya umeme, volti 12, mota ya wati 1,000, mnyororo wa milimita 10 na nanga ya kilo 25. Kushusha haina tatizo. Kupandisha inavuta mita kadhaa, inachoka, kisha sakiti breka inaruka. Nikingoja kidogo inakubali tena. Pemba ndiko inakosumbua zaidi. Huku Unguja mara nyingine inamaliza kazi bila shida. Siku hizi kuna wakati nikibonyeza swichi nasikia "ta!" peke yake, haizunguki. Tajiri anataka tuagize mota mpya Ulaya, na mpaka ifike msimu utakuwa umekwisha. Ni mota kweli? Na nifanye nini tukiwa safarini na wageni?

Jibu: Waalaykum salaam, nahodha. Mwambie tajiri azuie pesa yake kwanza. Dalili zako karibu zote zinaelekeza kwenye njia ya umeme baina ya betri na mota, na kwa sehemu kwenye namna winchi inavyotumiwa. Mota naiweka mwisho. Huharibika, sikatai, lakini ndiyo kifaa ghali kuliko vyote pale mbele, na ndiyo inayosingiziwa kila mara.

Tuanze na hilo la Pemba, maana umelitaja kwa kupita tu nalo limebeba nusu ya jibu. Upande wa magharibi wa Unguja unapata mahali pa kutia nanga kwenye mita 5 au 6. Pemba kina kinaanguka ghafla. Ukikwepa matumbawe unajikuta kwenye mita 18 au 20. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa kilo 2.3 hivi kwa kila mita. Mita 20 zikining'inia wima ni kilo 46, ongeza nanga unafika 71. Maji ya bahari yanakupunguzia kama asilimia 13 ya uzito wa chuma, kwa hiyo winchi inabeba kilo 62 hivi. Kwenye mita 6, hesabu hiyohiyo inatoa kilo 34. Winchi ya wati 1,000 iliyo nzima inainua kilo 62 bila kulalamika. Yako inalalamika kwa sababu haipati chakula chake chote.

Katika mota ya aina hii mzigo ndio unaoamua ampia, na volti ndizo zinazoamua kasi. Mzigo ukiwa mkubwa, ampia zinapanda. Ampia zikipanda, volti zinazopotea kwenye kebo na viungio nazo zinapanda kwa kiwango hichohicho, na mota inazunguka polepole. Sasa ampia nyingi zinapita kwa muda mrefu. Breka nyingi za winchi hukatwa na joto, yaani ampia pamoja na muda, wala si ampia peke yake. Ndiyo maana inaruka katikati ya kazi, na ndiyo maana ukingoja inakubali: imepoa. Na kushusha ni rahisi kwa sababu uzito wa nanga wenyewe unasaidia.

Kebo yenyewe hula volti hata ikiwa mpya. Tuseme kutoka betri hadi winchi na kurudi ni mita 24. Kebo ya shaba ya milimita 35 za mraba, kwa ampia 100, inapoteza volti 1.2. Ya milimita 70 inapoteza 0.6. Nimekuta vyombo vilivyofungwa kebo ya milimita 16 kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani siku hiyo; hiyo inapoteza volti 2.6, yaani mota ya volti 12 inafanyishwa kazi kwa 9 na kitu. Kata ganda kidogo au soma maandishi yaliyo juu yake, ujue yako ni ipi. Hayo ni mahesabu ya kebo safi. Kutu ya kijani kwenye viungio inakuja juu yake.

Sasa chukua mita ya umeme. Iweke kwenye volti za DC, kamwe si kwenye ampia: mita ya kawaida inavumilia ampia 10, winchi yako inavuta mia, utaiunguza. Mita za kubana kebo zinapima ampia bila kukata waya, ila nyingi za bei rahisi zinapima umeme wa AC tu, ambao hapa haukusaidii.

Kupima bila mzigo ni kujidanganya. Kiungio kilichooza kinaweza kuonyesha volti 12.6 kamili wakati hakuna kinachopita, halafu kikaanguka mara tu mota inapoanza kuvuta. Nenda mahali penye kina cha mita 15 na bahari tulivu, chombo kikielea huru, nanga ikining'inia bila kugusa chini. Mtu mmoja abonyeze kupandisha, wewe upime. Vidole mbali na mnyororo, na yule wa kwenye swichi asibonyeze mpaka umwambie. Winchi ikikamata kidole haijui kama si mnyororo.

Pima kwanza kwenye vichwa vya betri yenyewe, injini ikiwa inanguruma. Ikishuka hadi 11 au chini yake wakati injini inachaji, tatizo lako ni betri, na umemaliza uchunguzi mapema. Ikibaki 12 na zaidi, hamia kwenye vichwa vya mota. Mimi sikubali chini ya 11 pale. Ukisoma 10 au pungufu, kuna volti mbili zimeliwa njiani, na kazi yako ni kumkamata aliyezila.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoanza kubahatisha, na hakuna haja. Weka ncha moja ya mita upande mmoja wa kiungio na nyingine upande wa pili, bonyeza kupandisha, soma. Kiungio kizima kinaonyesha karibu sifuri. Breka nzima au solenoidi nzima (ile swichi nzito inayopeleka umeme kwenye mota) inaonyesha volti 0.1 au 0.2. Ukiona volti nzima mahali pamoja, umempata, maana volti 1 kwa ampia 100 ni wati 100 za joto kwenye sehemu ndogo kuliko kidole gumba. Mara nyingi hata mita haihitajiki: baada ya kupandisha nanga, zima breka, kisha pitisha mkono kwenye kila kiungio. Kile cha moto ndicho. Pima upande wa chanya wote, halafu usisahau hasi. Watu wanasafisha chanya mpaka inang'aa, na kumbe ugonjwa uko kwenye kebo nyeusi iliyofungwa nyuma ya ubao ambako hakuna aliyefika tangu chombo kilipotoka kiwandani.

Kwa dalili zako, ningeanza kushuku vitu viwili: breka yenyewe na boksi la solenoidi. Breka iliyolegea vichwa vyake inajipasha moto yenyewe, na kwa kuwa inakatwa na joto, inaruka hata ampia zikiwa za halali. Watu huibadilisha kwa breka kubwa zaidi. Usifanye hivyo. Breka ipo kulinda kebo isiwake moto. Ukiweka ya ampia 200 kwenye kebo nyembamba umeondoa mlinzi na kuacha mwizi.

Ile "ta!" ni solenoidi inayoitika lakini haipitishi. Ndani yake kuna sahani ya shaba inayorukia vichwa viwili vinene, na kila mruko unachoma kidogo. Baada ya miaka uso unakuwa mweusi na wenye mashimo. Kupandisha na kushusha kila kimoja kina mguso wake, kwa hiyo wa kupandisha, unaobeba mzigo, huchakaa kwanza wakati wa kushusha bado unadai uko mzima. Mtihani wa haraka: nanga ikiwa ndani, legeza klachi gurudumu la mnyororo lisishike, kisha bonyeza kupandisha mara nyingi, halafu kushusha mara nyingi. Kama kushusha kunaitika kila mara na kupandisha kunakosa mara moja moja, solenoidi imejitaja. Kama zote mbili zinakosa, rudi kwenye viungio vya pamoja na kaboni za mota, yaani vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Na kama siku moja hata "ta!" husikii, achana na kebo nene, tafuta fyuzi ndogo, waya mwembamba wa swichi, au swichi ya mguu ambayo mpira wake umepasuka na kuingiza maji.

Hiyo swichi ya mguu nayo isikuchekeshe. Maji ya chumvi ndani yake yanaweza kuunganisha umeme bila mtu kubonyeza, na winchi ikaanza kuzunguka peke yake usiku. Zima breka kila unapomaliza kutia nanga, hata kama swichi ni mpya.

Boksi la solenoidi liko wapi kwenye chombo chako? Kama liko ndani ya chumba cha mnyororo, limewekwa mahali pabaya kuliko pote. Lihamishie pakavu. Vichwa vya kebo vilivyoingia kutu kata nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haisafishiki, hata ukiipiga msasa siku nzima. Tumia kebo ya baharini ambayo nyuzi zake zimepakwa bati, kichwa kibanwe kwa mashine ya kubania, kisha mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Usitegemee lehemu peke yake: kiungio kikipata moto lehemu inayeyuka. Kaza vizuri kwanza, halafu ndiyo upake vaselini juu. Vaselini haiingii katikati.

Kama solenoidi imekufa mkiwa bandari ya Mkoani, Pemba, na wageni wanataka kuondoka, solenoidi ya staata ya gari ya volti 12 inaweza kukuvusha. Itakupa upande mmoja tu, ambao ni kupandisha. Kushusha utalegeza klachi na kuiacha nanga ishuke kwa uzito wake, huku ukiizuia kwa kukaza klachi kidogo kidogo. Chagua ya nguzo nne, mbili nene na mbili nyembamba, ndiyo rahisi kuiunganisha. Hii ni kama mota yako ina nguzo mbili. Ikiwa na tatu, mbili ni za pande mbili za kuzunguka na moja ni ya hasi. Andika au piga picha kabla hujafungua chochote.

Neno moja la hatari kwa katamarani: vyombo vingi vya aina hii vina mitungi ya gesi ya kupikia kwenye makasha ya mbele, karibu na winchi. Kabla hujaunganisha waya utakaotoa cheche, fungua vifuniko, nusa, acha upepo upite. Vilevile kwenye sanduku la betri.

Sasa habari ya matumizi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Winchi haikutengenezwa kuivuta katamarani kuelekea nanga. Wakati wa kusi, upepo unapofika noti 20, chombo chako kinasukumwa kwa mamia ya kilo. Washa injini zote mbili, sogea mbele polepole kufuata mnyororo, mtu wa omo (mbele ya chombo) akuonyeshe kwa mkono unakoelekea, na winchi ikusanye mnyororo uliolegea tu. Inapoanza kuguna, achia swichi. Ngoja chombo kije. Injini ikiwa inafanya kazi betri nayo inachajiwa, unapata volti za ziada bila kununua kitu. Mota hizi ni za kazi ya dakika chache. Zikivuta mfululizo zinapata moto ambao hauuoni mpaka unusa harufu ya vanishi.

Na mnyororo ukiwa wima juu ya nanga iliyozama, usiing'oe kwa winchi. Ufunge kwa kamba nene kwenye nguzo imara ya sitaha, acha mawimbi yauchezeshe au sogeza injini mbele taratibu. Bahari yetu ina msaada mwingine: wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu), Unguja na Pemba maji hupanda na kushuka kama mita 4, kwa hiyo ukikaza maji yakiwa yamekupwa, yakijaa yanaing'oa yenyewe. Lakini funga kwa fundo unaloweza kuliachia likiwa na mzigo, na mtu asimame pale. Kama mnyororo umepita chini ya jiwe, maji yatakayoendelea kujaa yatavuta omo chini au kung'oa nguzo ya sitaha. Hapo ni kuzamia na kutazama. Afadhali zaidi kutia nanga kwenye mchanga tangu mwanzo, na sehemu za hifadhi kama Misali utafute boya.

Usiku mzigo usikae kwenye winchi. Weka kamba ya nailoni kutoka kwenye mnyororo hadi nguzo za pande mbili, ulegeze mnyororo mpaka kamba ndiyo inayobeba. Winchi iliyobeba chombo usiku kucha, kila wimbi linapiga meno ya giaboksi na kulegeza sili ya shafti.

Winchi ikigoma kabisa, kwanza tafuta mkono wake wa chuma. Winchi nyingi zinaweza kuzungushwa kwa mkono, japo polepole, na mara nyingi mkono huo uko chini ya godoro la mtu. Kama haupo, funga kamba kwenye mnyororo kwa fundo linalobana au ndoano ya mnyororo, ipeleke kwenye winchi ya tanga, vuta, zuia mnyororo, rudi mbele, funga tena. Inachosha lakini kilo 62 zinapanda. Fanyeni zoezi hilo siku ya utulivu kabla hamjalihitaji.

Upande wa chuma nitapita haraka, maana dalili zako si za huko. Mota ikizunguka na gurudumu halizunguki, kaza klachi. Ikiendelea, fungua, safisha koni zake na upake grisi kiasi kile kitabu cha winchi kinachosema. Mnyororo ukiruka juu ya gurudumu, angalia kama umejisokota, au vikao vimelika, au mnyororo si wake. Hili la mwisho ni la kawaida kwa milimita 10: kipimo cha DIN 766 kina hatua ya milimita 28 kwa pete, cha ISO kina 30. Kwa macho ni ndugu pacha, kwenye gurudumu hawaelewani. Mnyororo wa duka la vifaa vya ujenzi ndiyo usiulize kabisa, hauna kipimo. Na mnyororo ukijirundika chumbani mpaka ukagusa winchi kwa chini, unakwama na kupandisha ampia; mtu awe anausambaza.

Fungua kizibo cha oili ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili ya shafti kuu. Usisubiri sili kutoka Ulaya: ukiichomoa utakuta imeandikwa namba tatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Maduka ya beringi ya Dar es Salaam au Mombasa yanauza kwa namba hizo. Badilisha oili mara mbili, maana ya kwanza itabeba maji yaliyobaki.

Tuseme umepima yote, viungio vina sifuri, betri ina 12, mota inapata 11.5, na bado haizunguki. Basi sasa ifungue. Kaboni zikiwa zimelika mpaka chemchemi haizisukumi, au zimeganda kwenye nyumba zake kwa vumbi na chumvi, ndiyo sababu. Uso wa shaba unaozunguka ukiwa kahawia na laini uache. Ukiwa umeungua, msasa laini wa karatasi, usiwe wa chuma kwa sababu punje zake zinapitisha umeme, kisha safisha nafasi kati ya vipande. Usiigonge mota kwa nyundo ili kuiamsha. Nyingi zina sumaku zilizobandikwa kwa gundi, nazo hupasuka. Na ikihitaji kusukwa, ipeleke kwa fundi wa staata za magari: mota ya winchi na staata ni jamaa wa karibu, na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Mombasa wanasuka za malori makubwa kuliko hiyo.

Ukirudi kutoka safari hii niandikie namba tatu, zote zikipimwa wakati wa kupandisha kwenye mita 15: volti kwenye betri, volti kwenye mota, na volti kutoka upande mmoja hadi wa pili wa solenoidi. Ongeza unene wa kebo. Kwa hizo nitakuambia kitu cha kununua, nami sidhani kama kitahitaji kuagizwa Ulaya.